Mpeleke Nje, Kisha Ukae Pembeni

Swali ninaloulizwa na wasomaji kila mwezi huja na sura mbalimbali, lakini ni lile lile. Mama mmoja anasema mwanawe wa miaka saba amekuwa mwepesi wa hasira, akinyang'anywa simu anajigaragaza sakafuni. Baba mwingine anasema kila Jumatatu binti yake huumwa tumbo, na hospitali hawaoni ugonjwa. Bibi anauliza mbona mjukuu wake hushtuka usiku na kulia. Wote humalizia hivi: "Nifanye nini?"

Kabla ya kujibu, nami huuliza: jana alicheza nje kwa muda gani, na akina nani? Hapo mzazi hunyamaza kidogo. Mtoto alishuka kwenye basi la shule saa kumi na moja, akaoga, akaingia tuisheni, akatazama katuni, akala, akalala. Jumamosi geti lilifungwa kutwa.

Kucheza nje hakuponyi kila kitu, na mbele nitaeleza dalili zinazotaka mtaalamu. Lakini ni jambo la kwanza la kurekebisha, halina gharama kubwa, na wengi wetu tunaliharibu kwa nia njema.

Nje anapata nini?

Tazama mchezo wa rede. Wawili wanarusha mpira, mmoja yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Binti wa miaka minane anainama, moyo unamdunda, mkono unatetemeka, nusu ya mchanga unamwagika. Mpira unapita karibu na gauni lake. "Umetoka!" "Haijanigusa!" Wanazozana dakika mbili, mashahidi wanaitwa, mwishowe anatoka. Ananuna ukutani. Zamu yake ikirudi, anaingia tena mbio kama hakuna kilichotokea.

Ndani ya robo saa mtoto huyo ameogopa na hofu ikapita, ameshindwa mbele za watu, amejitetea bila kupigana, na amerudi kundini. Hayo ndiyo mazoezi ya akili. Kwa ufupi, anapata:

- Hofu ya kiasi chake. Mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, amechunguza kwa miaka mingi michezo yenye hatari kidogo, kama kupanda juu na kukimbia kwa kasi. Hoja yake ni kwamba mtoto huizoea hofu kwa kuionja kidogo kidogo.
- Usingizi. Mwili uliokimbia hulala upesi, na mtoto aliyelala vizuri hana hasira za ovyo asubuhi.
- Marafiki. Upweke wa mtoto hauonekani kwa macho, naye hajui kuusema.
- Uamuzi. Nyumbani na shuleni anaambiwa avae nini, ale nini, akae wapi. Mchezoni anaamua mwenyewe.
- Utulivu wa kijani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 900,000. Waliokulia mahali penye uoto mdogo kabisa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, hadi asilimia 55, wa kupata maradhi ya akili baadaye. Huo ni uhusiano tu, hauthibitishi kwamba miti peke yake ndiyo kinga. Hata hivyo, unatosha kumfanya mtu afikiri kabla ya kukata mwarobaini wa uani ili aweke vigae.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani lina viwango vilivyo rahisi kukumbuka:

- Miaka 3 hadi 4: dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, zikiwemo 60 za kukimbia na kuruka hasa. Kukaa mbele ya runinga au simu kusizidi saa moja.
- Miaka 5 hadi 17: wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya aheme.

Si lazima dakika hizo ziwe za mfululizo. Ishirini asubuhi, ishirini akitoka shule na ishirini kabla ya magharibi zinafika. Kidogo cha kila siku kina faida kuliko Jumapili moja ya ufukweni kwa mwezi, ambayo mtoto hurudi amechoka na mzazi amefilisika.

Kwa hali yetu ya hewa, nyakati nzuri ni asubuhi kabla ya saa tatu na jioni kuanzia saa kumi. Saa sita hadi saa tisa mwache kivulini. Giza likianza kuingia mrudishe ndani, maana mbu nao ndiyo wanatoka.

"Lakini sisi hatuna uwanja"

Hili ndilo pingamizi la kwanza, na lina ukweli. Maeneo ya wazi mengi yamegeuka gereji, baa na maegesho. Hata hivyo, uwanja wenye bembea za rangi si sharti.

Msanifu wa bustani wa Denmark, Carl Theodor Sørensen, aligundua jambo lililomtia adabu: watoto walicheza kila mahali isipokuwa kwenye viwanja alivyowasanifia. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, uwanja wa aina nyingine ulifunguliwa Emdrup, Copenhagen, kutokana na wazo lake. Watoto walipewa mbao, matofali na vyuma chakavu wajijengee. Wazo hilo likaenea Uingereza na kwingineko. Aliyewahi kuwaona watoto wetu wakitengeneza gari kwa makopo na kandambili zilizokatika hatashangaa.

Kwa hiyo tafuta mahali kwanza:

- Uwanja wa shule ya jirani baada ya masomo. Muone mwalimu mkuu mkiwa wazazi watatu au wanne.
- Ua wa msikiti au kanisa siku zisizo na ibada kubwa.
- Uchochoro usiopitisha magari. Kama bodaboda hupita, wazazi wawili wakae kila upande.
- Ua wa nyumba ya kupanga. Wapangaji kubalianeni saa moja ambayo kamba za nguo zitakuwa zimeanuliwa.
- Ofisi ya serikali ya mtaa. Uliza ni eneo lipi limetengwa kwa michezo. Mara nyingine lipo na limejaa takataka tu.

Kisha vifaa. Kapu moja linatosha: kamba ya kuruka, mpira wa kawaida au wa matambara, vizibo vya soda, gololi, chaki, makopo, vipande vya kanga kuukuu, tairi moja. Lundo la mchanga la fundi likikaa wiki uani, usiwafukuze watoto. Hakikisha tu halina kokoto kali na kinyesi cha paka.

Anza hivi: mpango wa wiki nne

1. Wiki ya kwanza: muda. Chagua saa moja maalumu, kwa mfano saa kumi na moja kasorobo. Mtoe dakika ishirini tu, kila siku. Usimpangie mchezo. Akisema "hakuna cha kufanya", mwache achoke na kuchoka kwake. Kwa kawaida ataokota kijiti.
2. Wiki ya pili: mwenzake. Ongeza mtoto mmoja wa jirani. Mmoja, si kumi. Ongea na mzazi mwenzio ana kwa ana.
3. Wiki ya tatu: zamu. Mkifika familia tatu au nne, pangeni nani anakaa nje siku gani. Mwenye zamu hapiki, hafui wala hashiki simu.
4. Wiki ya nne: jiondoe. Sogeza kigoda hatua kumi nyuma. Ukiulizwa kanuni za mchezo, jibu: "Nyinyi mmekubaliana vipi?"

Ukikosa siku mbili, usianze upya. Endelea ulipoishia.

Kagua mahali kabla ya watoto

Dakika tano za kutembea taratibu zinatosha. Angalia:

- Chemba za maji taka, visima na mashimo. Mfuniko wa chemba uliopasuka ni hatari kuliko mti mrefu. Kama haufunikiki, hapo si mahali pa kuchezea. Baada ya mvua za masika kagua upya, maana maji hufukua.
- Vioo, misumari, nyaya na sindano. Okota kwa koleo, si kwa mkono.
- Chini ya bembea na mtelezo. Panapaswa kuwa na mchanga laini wa kina cha kama sentimita 30. Saruji na udongo uliokauka havifai, kwani majeraha makubwa ya viwanjani mara nyingi hutokana na kuanguka.
- Chuma kilichochomwa na jua. Gusa mtelezo kwa kiganja chako kwanza. Ukikuunguza wewe, paja la mtoto litababuka.
- Minyororo na boliti. Tikisa kwa nguvu, ning'inia mwenyewe.
- Mavazi. Vua kamba za shingoni, na mtandio mrefu uchomekwe, kwa sababu hunasa kwenye mtelezo. Binti avae taiti au kaptura chini ya gauni ili aning'inie bila aibu.

Kazi yako ni kukaa pembeni

Hapa niungame. Binti yangu alipokuwa na miaka sita tulikwenda kwa bibi yake, kwenye ua wenye mwembe. Alikuwa amefika tawi la pili peke yake, ametulia, anaimba. Nikatoka jikoni nikapiga ukelele: "Shuka, utaanguka!" Akanitazama, akatazama chini, mikono ikakakamaa, akaanza kulia. Hakuwa na hofu mpaka nilipompa yangu. Shangazi yake akanipita, akasimama chini ya mti, akamwuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi: "Mguu wa kushoto utauweka wapi?" Mtoto akatafuta, akaona kifundo cha tawi, akateremka hatua kwa hatua. Kesho yake alipanda tena, nami nikajifungia jikoni.

Tangu siku hiyo nimejifunza kubadili maneno:

- Badala ya "Utaanguka!" sema: "Umeshika wapi? Mguu unafuata wapi?"
- Badala ya "Acheni kelele!" hesabu kimya hadi thelathini. Mizozo mingi huisha kabla hujafika ishirini.
- Badala ya "Mpe mwenzio mpira!" uliza: "Zamu ya nani, na mlikubaliana nini?"
- Badala ya "Pole, pole, pole!" kwa kila mchubuko, osha kidonda, kisha uliza kama anarudi mchezoni.

Mwenye mpira akikasirika akaondoka nao, usimkimbilie kumrudisha. Waache wenzake wakusanye mifuko na matambara wafunge mwingine. Aliyeondoka ataona mchezo unaendelea bila yeye, naye atajirudi, safari hii akiwa mpole.

Lakini ingilia mara moja ukiona:

- damu nyingi, jiwe au kitu cha ncha mkononi;
- wengi dhidi ya mmoja, siku baada ya siku;
- mtoto analazimishwa kufanya asichotaka;
- mieleka ambayo mmoja tu anacheka. Katika mieleka ya mchezo wote hucheka, na aliye chini hupata zamu ya kuwa juu.

Makosa yanayojirudia

1. Kumnyima kucheza kama adhabu. Asiyetulia darasani ndiye anayehitaji kukimbia kuliko wote. Mwalimu anayemfungia ndani wakati wa mapumziko atampata saa sita akiwa mbaya zaidi. Mweleze kwa heshima, umwombe adhabu nyingine.
2. Kugeuza mchezo kuwa darasa. Timu yenye kocha ni nzuri, lakini humo mtu mzima ndiye anayeamua. Chandimu la mtaani lina kazi yake.
3. Kuteleza na mtoto mapajani. Inaonekana salama, kumbe mguu wake hunasa pembeni na uzito wako ukauvunja. Asiyeweza kuteleza peke yake atumie mtelezo mfupi au asubiri.
4. Kumnyanyua asipoweza kufika. Kanuni ni rahisi: asipoweza kupanda mwenyewe, hajawa tayari kuwa huko juu.
5. Kumpiga picha kila dakika. Mtoto huacha kucheza, akaanza kuigiza.
6. Kumsahau dada wa kazi. Wazazi wengi hawajui kwamba mtoto hufungiwa ndani kwa sababu dada anaogopa kugombezwa kwa kila mkwaruzo. Mwambie waziwazi, mbele ya mtoto: "Akichubuka goti akicheza, si kesi." Mpe pia saa ya kukaa nje bila kazi nyingine.

Hofu zenu, moja moja

*"Dunia imeharibika. Watoto wanadhuriwa."* Hofu hiyo ni halali. Ila kumbuka kwamba wanaodhuru watoto mara nyingi ni watu ambao mtoto anawajua, na hufanya hivyo mafichoni. Kundi la watoto mahali pa wazi, chini ya jicho la mzazi mwenye zamu, lina ulinzi kuliko mtoto mmoja aliyeachwa sebuleni na mgeni. Mfundishe mambo matatu: haingii nyumba ya mtu bila kukuaga, hakuna anayeruhusiwa kugusa sehemu zake za siri wala kumwambia atunze siri kuhusu mwili, na akikuambia jambo, hutamchapa.

*"Atachafuka na kuugua."* Uchafu hutoka kwa sabuni. Avae viatu, anawe mikono kabla ya kula, na uulize kliniki kuhusu dawa ya minyoo kwa umri wake.

*"Na masomo?"* Nusu saa ya kucheza kabla ya kazi za shule haiibi muda. Mtoto aliyekaa kwenye dawati tangu saa mbili asubuhi ataikodolea hesabu ile ile saa nzima. Aliyekimbia kwanza huketi akatulia.

*"Atajifunza matusi."* Huenda. Atayasikia pia kwenye basi na kwenye simu. Akirudi na neno baya una nafasi ya kulizungumza naye angali mdogo.

*"Binti mkubwa hachezi na wavulana barabarani."* Basi mtafutie wasichana wenzake na mahali pa staha, lakini acheze. Kaangalie pia nani anaosha vyombo saa ambayo kaka yake yuko uwanjani. Gawa kazi, ugawe na mchezo.

*"Siwezi kuvumilia akilia."* Wazee wamesema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Chozi la kutolewa kwenye kombolela hukauka kabla ya chai.

Mtoto asiyefanana na wenzake

- Mwenye haya: mfikishe mapema, kabla uwanja haujajaa. Ni rahisi kupokea watu kuliko kuingia kwa watu. Mpe mchezo wa kukaa karibu bila kuzungumza sana, kama mchanga au gololi.
- Mwenye usonji: chagua saa tulivu na njia ile ile kila siku. Mwambie mapema mtaondoka lini, na mwonyeshe kona ya kujitenga kelele zikizidi.
- Mwenye ualbino: acheze asubuhi mapema au jioni, kivulini, kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua. Waambie wenzake kwa nini, ili kofia isiwe kichekesho. Kumfungia ndani kutwa si ulinzi.
- Mwenye selimundu au pumu: muulize daktari wake mipaka. Kwa selimundu, maji ya kunywa kila mara, kupumzika akichoka, na asikae na nguo mbichi.
- Mwenye ulemavu wa viungo au asiyeona: inua mchanga juu ya meza, weka punje kavu ndani ya mpira ulie, punguza ukubwa wa uwanja. Watoto hubadili kanuni upesi wakiombwa. Watu wazima ndio wagumu.

Mchezo usipotosha

Muone daktari, mshauri nasaha au afisa ustawi wa jamii ikiwa dalili hizi zimedumu zaidi ya wiki mbili au zimekuja ghafla:

- ameacha kabisa michezo aliyoipenda;
- anakojoa kitandani upya baada ya kuwa ameacha;
- hali, halali, au analala kutwa;
- anamwogopa ghafla mtu fulani au mahali fulani. Hapa msikilize kwanza, usimlazimishe kwenda;
- anajiumiza, au anazungumzia kufa. Hili halingoji wiki mbili, wala siku mbili.

Sonona na wasiwasi mkubwa huwapata watoto pia, na si mapepo wala deko. Tanzania na Kenya, namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure. Mchezo uendelee sambamba na matibabu, usichukue nafasi yake.

Utajuaje kama inafaa?

Usipime kwa siku tatu. Ngoja mwezi, kisha angalia: analala baada ya muda gani? Hasira za simu zimepungua? Anataja majina ya watoto usiowajua?

Kesho saa kumi na moja kasorobo, toa kigoda. Usitoe maelekezo. Siku moja atarudi na vumbi mpaka kwenye kope, atakaa jikoni na kukusimulia tukio refu la uwanjani: nani alisema nini, nani alitolewa, yeye akajibuje. Utasikiliza ukijua kwamba ulikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, na hukuona hata moja kati ya hayo.